Mtangazaji wa Nadeng na Jina Jipya la Ugonjwa wa Binti Yake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Phouvieng anagongagonga kipaza sauti, anakohoa, kisha anakiamsha kijiji kizima cha Nadeng. Anatangaza chanjo ya kuku na zamu ya kusafisha mfereji. Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, kwa posho ya kip laki mbili, fedha ya nchi yao, kwa mwezi.

Leo bado hajazima mitambo. Imebaki habari moja, na alipoitangaza Jumatatu ilimtokea puani.

Habari yenyewe ni kifafa. Nadeng tangu enzi za mababu wanakiita wazimu wa nguruwe, na jina hilo limewapotosha vibaya. Wanaamini kinatoka kwenye nyama ya nguruwe na kwamba kinaambukiza kwa mate. Manichan, binti yake Phouvieng mwenye miaka ishirini na miwili, anacho. Mwaka wa tisa huu hajaonja nguruwe, na anakula peke yake mahali ambapo watu wote huchota wali wa kunata katika kikapu kimoja.

"Mwaka juzi aliacha vidonge," anasema Phouvieng. "Mimi ndiye niliyemwambia aache. Nilidhani maadamu hali nguruwe, kapona. Akaangukia jikoni, mkono ukaingia motoni."

Vidole viwili vya Manichan havikunjuki mpaka leo.

Kwa hiyo barua ya wilaya ilipokuja na jina jipya, ugonjwa wa mshtuko wa ubongo, hakuna aliyefurahi kumshinda. Barua ilikataza jina la zamani lisitajwe tena. Naye, mtiifu kupita kiasi, akasoma lile jipya peke yake na dalili zake, kutetemeka na kuanguka, kwa mbwembwe zote.

Kufika mchana, watoto walikuwa wamefungiwa ndani. Jirani yake, mama Thongsi, alikuja amejifunga kitambaa mdomoni.

"Kaka Phouvieng, huo ugonjwa mpya umeingilia wapi? Sokoni?"

"Si mpya, dada. Ni ule ule."

"Ule upi?"

Kuutaja ni kumtaja binti yake. Nadeng nzima ni nyumba yake tu yenye ugonjwa huo.

"Nitauliza wilayani," akasema.

"Uliza upesi basi. Tumeambiwa tukimwona mtu anatetemeka tumkimbie."

"Nani kawaambia?"

"Si wewe, kwenye kipaza sauti! Ulitaja kutetemeka."

Jumatano Manichan alianguka bombani. Wanawake walitupa ndoo wakatimua mbio. Alilala matopeni peke yake mpaka baba yake alipofika, na jioni wakakuta nyota ya mianzi imetundikwa langoni mwao, ile ya kuzuia mtu asiingie nyumba yenye balaa. Inauma, na hakuna namna nyingine ya kusema.

"Baba, waambie ni mimi," Manichan alisema usiku huo. "Taja na jina la zamani."

"Wilaya imekataza, mwanangu."

"Kwani wilaya inakula na mimi?"

Ndiyo maana leo anavuta pumzi na kusema: "Ndugu zangu, ugonjwa niliousoma Jumatatu ndio ule mnaouita wazimu wa nguruwe. Hautoki kwa nguruwe. Hauambukizi. Binti yangu Manichan anao, na mnamjua wote. Mnaweza kula naye."

Anazima mitambo. Kunakucha, na hakuna anayekuja kuiondoa ile nyota. Anasema atalirudia tangazo hilo kila siku, hata wakimchoka.

Anapoulizwa na mwandishi wa habari hii nani hula na Manichan pale nyumbani, anaikunja karatasi yake.

"Mama yake alikuwa akila naye. Tangu afariki, hakuna."

Na yeye?

"Naogopa," anasema, macho chini. "Nimewaambia watu wasiogope, na kichwani najua ni kweli. Mkono wangu ndio unagoma kuchota naye. Leo wali ukiiva nataka nikae karibu yake."

Mwandishi anafunga daftari. Phouvieng anamshika mkono.

"Usiandike kwamba nimeweza. Andika nitajaribu."