Konzi ya mchele kwenye karakana ya mawe

Kwa miaka thelathini mwalimu mmoja mstaafu alichokonoa uchafu kwenye ukingo wa sinki la jikoni kwake kwa mswaki mkuukuu, huku kona ya kaunta ikimgonga nyonga. Siku ya kuchagua kaunta mpya, alifika kwenye karakana ya kuchonga kaunta za mawe. Palikuwa na kaunta ya maonyesho, sinki lake limefungwa chini ya jiwe. Akatoa konzi ya mchele mkobani, akaumwaga juu ya jiwe, akaufagia kwa kiganja. Punje zote zikaingia sinkini, hata moja haikunasa ukingoni.

“Nataka hivihivi, mwanangu,” akamwambia fundi. “Na kona uzifanye za mviringo, nyonga yangu imechoka kugongwa.”

“Sawa, mama. Rangi je?”

Rangi hakuwa ameitazama kabisa.

“Muulize mume wangu pale mlangoni. Yeye jikoni huwa anaangalia tu.”