Baba mkwe amesaini pampu mbovu ya ndege, sasa anasema alikuwa ananipima

Admin, jina langu lifiche ila mkoa uuache. Najua huku mafundi wa ndege tunahesabika na anayenijua atanijua tu, potelea mbali, nimechoka kukaa na hili jambo peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Sumbawanga mjini. Kazi yangu ni fundi wa ndege. Wale wa kuandika kwamba Sumbawanga ndege ni ungo, andikeni mmalize halafu mrudi tuongee.

Niwaeleze kazi kidogo. Kwenye tangi la ndege kuna pampu zinazosukuma mafuta kwenda kwenye injini. Mafuta yakipita kwa kasi miaka na miaka yanakula chuma cha pampu taratibu, kama maji yanavyokula ukingo wa mto. Ukuta ukilika ukatoboka, cheche ya ndani ya pampu inaweza kukutana na mvuke wa mafuta tangini, na hapo sina haja ya kumalizia. Kwa hiyo tunazitoa na kuzikagua kwa tochi na kioo kidogo chenye mpini, maana panapolika pamejificha, kidole hakifiki. Wa kwanza anakagua anasaini kadi, wa pili anakagua upya naye anasaini. Ndipo pampu inarudi kwenye ndege.

Wa pili ni baba mkwe wangu. Ndiye fundi mkongwe pale, ndiye aliyenifundisha kazi, na mwanaye nilimpata kupitia yeye. Sasa mimi nimelelewa na bibi yangu kule Mpui, na bibi alinikanya kwamba mkwe humkodolei macho wala humsimamii akiwa kazini. Basi miaka yote nikimaliza kukagua naweka pampu mezani, napiga goti kidogo, "Baba, tayari," natoka nje. Nikirudi nakuta kadi imesainiwa. Mpaka leo sijawahi kumwona akikagua hata pampu moja.

Shaka ilianza mwaka huu, kidogo kidogo. Kila siku miwani kaisahau nyumbani. "Mama, hebu nisomee hiyo namba." Namsomea. Kisha saini yake ikaanza kupanda juu ya mstari. Jumapili moja tuko kwake tunakula, nikamwona mama mkwe anamsogezea bakuli la maharage mpaka ligonge vidole vyake, ndipo anachota. Siku nyingine dada yangu alinifuata kazini, baba mkwe akamuuliza, "Mama, umeshamaliza ile ya kushoto?" Dada akacheka, akadhani anataniwa. Mimi sikucheka.

Nikamwambia mume wangu. Akanuna. "Baba anaona kuliko wewe. Au unataka nafasi yake?" Nafasi, jamani. Iliniuma kuliko tusi.

Basi nikafanya jambo ambalo wengine mtanilaumu. Kulikuwa na pampu niliyoikataa mwenyewe mwezi uliopita, ukuta umelika umebaki mwembamba kama ganda la yai. Nikaivua utepe mwekundu wa kukataliwa, nikaiweka mezani na kadi mpya. Kwenye kadi, upande wangu niliuacha mtupu kabisa. "Baba, tayari." Nikatoka, nikasimama uani na upepo wa huku unavyochoma. Niliporudi, upande wangu ulikuwa mtupu na upande wake una saini. Nikachukua pampu na kadi, nikavifungia kwenye kabati langu la vifaa.

Jioni nilimweleza mume wangu, naye akasema tulale, tutaongea. Hatukuongea. Nilinyamaza siku tatu. Niliogopa ndoa yangu, na laana ya mzee pia niliiogopa, sitawadanganya.

Siku ya nne baba akaniita ofisini, mpole kabisa. "Mama, ile pampu iliyolika uliyoniwekea niliiona. Nilisaini makusudi, nione kama utakuja kuniambia. Leo siku ya nne hujaja. Kati yangu na wewe, nani si wa kuaminiwa na ndege?" Akasema nirudishe pampu, kadi tuichane, yaishe kifamilia.

Kama haoni, alijuaje? Lakini mume wangu alikuwa anajua yote. Nimemuuliza kama alimwambia baba yake, akajibu hapana huku ameinama anafunga kamba za viatu. Simwamini, na sijui kama simwamini kwa haki.

Nikajikaza nikamuuliza mzee, macho yangu chini, "Baba, ilikuwa imelika upande gani?" Akasema, "Mkwe hamhoji mkwewe." Nikatoka.

Sasa Jumatatu kuna ndege ya abiria inarudi angani. Pampu zake sikuzikagua mimi. Alizikagua fundi wa zamu nyingine, mtu wa haraka, anashika tochi huku simu iko sikioni, na saini ya pili ni ya baba. Nikiipeleka kadi kwa mkuu wa karakana, mzee anaondolewa kazini kwa aibu, na mume wangu ameshasema nikithubutu nitafute pa kulala. Tena watauliza nani aliyeivua utepe pampu mbovu akaiweka mezani, na jibu ni mimi. Nikinyamaza, huenda mzee anaona vizuri na hakuna litakalotokea. Huenda.

Leo ni Jumamosi. Msinishauri kama marafiki wa mume wangu wala kama watu wa ukoo. Nishaurini kama mtu aliyekwisha kukata tiketi ya Jumatatu na mtoto wake kamkalisha dirishani. Wewe huyo, ungetaka mimi nifanye nini?