Kopo la Mchele Si Kopo la Unga

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila unaponijia na simu yako mkononi ukiniuliza, "Shangazi, kikombe kimoja ni gramu ngapi?" Ndiyo maana nakujibu kwa ukali. Kikombe cha nini? Cha unga, cha chumvi, cha mafuta? Nimekwambia mpaka ulimi umechoka. Leo kaa nikusimulie, nisirudie tena.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, boti zikishusha watu kutoka Kongo asubuhi na jioni. Hapa Ujiji tuliwapikia uji watoto waliofika wamedhoofu. Mimi nilikuwa msichana wa kuchochea moto na kuteka maji. Mpishi alikuwa Mama Riziki, mkimbizi mwenyewe, aliyevuka ziwa na mwanawe mgongoni. Stoo ilikuwa mikononi mwa baba yangu mkubwa, Mzee Sudi, mtu mwaminifu lakini mbishi, Mungu amrehemu.

Tulikuwa tumeelekezwa kila sufuria itiwe unga kilo kadhaa. Mizani ikaharibika. Baba mkubwa akachukua kopo tupu la maziwa, ambalo alijua likijaa mchele ni kilo. Akasema basi, kopo ni kilo, shida imekwisha. Akawa anapimia unga kopo hilohilo, bila hata kulitikisa unga ushuke. Mama Riziki alimwambia kwa adabu kwamba uji unakuwa mwepesi. Akajibiwa apike anachopewa.

Uji ukawa maji. Watoto wakinywa na kulala, wanaamka wanalia njaa. Akina mama wakaanza kunong'ona, halafu wakasema waziwazi kwamba mpishi anaficha unga akauze sokoni. Asubuhi moja wakamnyang'anya mwiko, wakapekua furushi lake mbele ya watu. Hamkuwa na kitu ila khanga na nguo za mtoto.

"Mimi si mwizi," alisema. "Unga nilipewa, ndio nilipika wote."

Hakuna aliyemsikiliza. Hata baba mkubwa alinyamaza, na nadhani kimya kile ndicho kilichomuumiza zaidi.

Mama yake Mzee Sudi, Bibi Zaituni, alipopata habari alimwita mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, akamwamuru abebe lile kopo twende kwa muuza dagaa mwenye mizani. Tukapima mchele: kilo. Tukapima unga, kopo lilelile, limejaa vilevile: haukufika hata robo tatu. Chumvi nayo ikapita kilo. Bibi hakupaza sauti.

"Sudi," alisema, "umewapunja watoto, na umemwacha mtoto wa watu aitwe mwizi. Kopo linajua nafasi yake tu. Uzito linaujulia wapi?"

Baba mkubwa alirudi akawaeleza akina mama kosa lilipotoka, akaomba radhi hadharani. Unga ukaongezwa, uji ukawa mzito, watoto wakaanza kulala usingizi wa shibe. Lakini Mama Riziki hakurudi jikoni. Alisema amesamehe, kisha akapanda boti na wanawake wenzake kwenda Mwamgongo kuanika dagaa. Mdhaniwa ndiye kumbe siye. Ila maji yakishamwagika hayazoleki. Sikumwona tena.

Basi nisikilize, kwa sababu mnapenda njia za mkato mpaka mnachosha. Ukikuta mapishi yameandikwa kwa kilo nawe huna mizani, nenda dukani upimiwe kilo ya kitu hichohicho, uimimine kwa kikombe chako uone ni vikombe vingapi. Unga kivyake, sukari kivyake, mchele kivyake. Kila mlango na ufunguo wake. Wala usiushindilie unga leo, kesho ukauacha umevimba, halafu uje kulalamika kwangu kwamba keki imekuwa tofali. Na chakula kikipungua, mwanangu, kagua kipimo kabla hujamkagua mpishi.

Mungu akupe mkono usiopunja na sufuria isiyokosa cha kutia, awashibishe watakaokula kwako, na akuepushe na ubishi wa ukoo wetu. Amina.