Kalamu ya Fundi wa Mashine ya Kukanda

Fundi anayeunda mashine ya kukanda misuli ya wanamichezo huvipasha joto kwa viganja vyake vidole vya mpira vya mashine hiyo kabla havijamgusa mtu. "Hata mashine iwe na adabu," husema. Mimi ni mfagiaji wa karakana yake, na kila mchana nilikuwa nikilala kwenye kitanda cha karakana ili aijaribu kwenye paja langu. Aliinama, kalamu sikioni, akauliza kwa upole, "Kaka, inauma?" Nami, kwa haya zangu, nikajibu, "Hapana, fundi." Aliandika jibu langu daftarini, herufi moja moja kama mtoto wa shule, kisha akaongeza nguvu kidogo. Jioni nilipanda ngazi za nyumbani nikishika ukuta.

Mwezi uliopita aliletwa binti mkimbiaji aliyeumia paja. Fundi akaweka nguvu niliyoikubali mimi. Binti alipiga ukelele, na kocha wake akamkokota nje. "Hii mashine ya kukandia watu au ya kukandia unga?" alifoka mlangoni. Fundi alikunja suruali, akalala yeye, akaiwasha kwa nguvu ileile. Kidevu kilimtetemeka. Alipoizima alinitazama.

"Kaka, hii ndiyo haiumi?"

Nikainamisha kichwa. Akachukua daftari, akayafuta kwa kalamu majibu yangu ya miezi minane, moja baada ya jingine, akitumia rula ili mistari inyooke. Siku hizi hujilaza mwenyewe. Salamu ananipa kama zamani, ila haniulizi tena kitu.