Ubao wa Bao na Tapeti Kumi na Sita

Juzi kijana mmoja alisimamisha gari mbele ya duka langu la vipuri hapa Bakoba, mjini Bukoba, akaacha injini inanguruma, akaingia na uso wa msiba.

"Shangazi, injini imekufa."

"Maiti haipigi kelele," nikamwambia. "Kazime, urudi tuongee."

Aliporudi hakunitazama mimi. Alitazama ukutani, juu ya rafu ya mikanda ya feni, nilipotundika ubao wa bao wenye mashimo meusi kwa oili. Yeye ni mjukuu wa baba mkubwa wangu. "Huo si ubao wa babu?" akauliza. "Nyumbani wanasema mama yako alimpora."

Nikamvutia kigoda. Na wewe, rafiki yangu, vuta chako. Mimi si mtu wa kutoa kitu bure, kwa hiyo nikitoa, pokea.

Kwetu ni Kaagya. Nikifumba macho naisikia harufu ya kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka, na ya ndizi zikichemka na maharage chini ya majani ya mgomba. Lakini harufu ya utoto wangu hasa ni petroli. Baba alikuwa na pikapu ambayo kwa nje ilifanana na pikapu za wengine, ila ndani aliipachika injini ya silinda nane iliyotoka kwenye gari la mashindano, aliyoifuata Nairobi kabla ya vita. Watu walimwona mwendawazimu. Vita vilipokuja, mwendawazimu huyo akabeba watu wa mpakani waliokimbia na magodoro yao, safari baada ya safari, na hakuna aliyemwuliza tena mbio zile zina faida gani.

Baada ya vita kila kitu kiliadimika. Oili ya injini tuliichuja kwa kitambaa, tukaitumia tena, kisha tukaichuja tena. Halafu ukaja ule ugonjwa wa kukonda, usio na dawa, ambao sisi wa Bukoba, kwa kupenda mavazi, tuliupa jina la mtindo wa shati. Kilio kilianza kibanja cha jirani kabla hatujanywa uji. Darasani mwalimu aliita majina, akifika kwa mengine anayaruka bila kuinua macho. Siku moja jina lililorukwa lilikuwa la rafiki yangu wa dawati moja. Nilisogea katikati ya benchi, maana pembeni palikuwa na baridi.

Baba aliugua muda mrefu, akafa. Gari likakaa chini ya mparachichi likikusanya majani na kinyesi cha kuku.

Matanga yalipokwisha, mama, ambaye miaka yote ndiye aliyemshikia mumewe spana, alivaa koti la baba, akawasha gari. Liligonga kidogo, tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Akaenda nalo Muleba, mwaloni mitumbwi inakoshusha samaki, akarudi na magunia ya dagaa kutoka visiwani, akayauza sokoni Bukoba. Mwanamke nyuma ya usukani! Watu waliacha majembe kutazama. Mama aliwapigia honi.

Baba mkubwa hakupenda. Akaitisha kikao, akaja na baba mdogo na mgeni mmoja mwenye saa kubwa, mnunuzi wa samaki kutoka visiwani aliyelitamani gari letu. Walikaa uani wakitafuna punje za kahawa, ubao wa bao katikati yao, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, pembeni na mirija yake ya matete. Mambo yalikuwa yamepangwa tayari: gari liuzwe, mimi niende kwa baba mdogo, mdogo wangu abaki kwa baba mkubwa. Nilikuwa namenya ndizi karibu nao, nikasikia ninavyogawanywa kama mkungu.

Baba mkubwa alitaka gari lisikike vizuri mbele ya mgeni. Asubuhi ile, mama akiwa kisimani, alikuwa amemimina oili galoni zima mpaka ikakaribia kutapika. Kwetu kibuyu cha mgeni hakiachwi nusu, na yeye aliona injini nayo ni mgeni. Walipoliwasha, ile hodi ya taratibu ikawa mvua ya mawe juu ya bati.

Mnunuzi akatikisa kichwa. "Imekwisha hii. Nitachukua kama chuma chakavu tu."

"Shemeji," baba mkubwa akamwambia mama, sauti laini kama ya mchungaji. "Tusidanganyane, waitu. Gari limekwisha. Na wewe mwenyewe, afya yako tunaiona. Tuuze lingali na bei."

Mama alikuwa amekonda, ni kweli. Nani hakukonda miaka ile? Akamtazama.

"Afya yangu umeipima na nini? Na kijiti cha oili?"

Baba mdogo alicheka, akajifanya anakohoa.

Mama akachomoa kijiti chenyewe kwenye injini, akakitazama, akakinusa, akamwonyesha kila mmoja. Oili ilikuwa imepita alama na imejaa mapovu. Akaniita nilete karai. "Tapeti za injini hii, vidude kumi na sita vya kusukuma vali, zinajazwa oili ndani," akasema, akilegeza nati ya chini. "Zikijaa oili, zinanyamaza. Ukizijaza povu zinagonga. Shemeji, wewe umewanywesha povu wageni kumi na sita."

Tukapunguza oili mpaka kwenye alama, tukasubiri mapovu yatulie, akawasha. Mvua ya mawe ikakatika. Ikabaki ile hodi moja, tak, tak, tak.

"Bado inagonga," mnunuzi akasema haraka.

"Moja tu inagonga," mama akamjibu. "Na chuma kilicholika hulia chini, kizito, du, du. Huyu yuko juu, mwepesi."

Kisha akafanya jambo ambalo ukoo wetu unalisimulia mpaka leo. Alimwendea baba mkubwa, akamtoa mrija mdomoni, akaukung'uta, akaweka ncha moja sikioni na nyingine juu ya injini. Akausogeza polepole, kama daktari anayesikiliza kifua. Upande wa kushoto, karibu na katikati, akasimama. "Njoo usikie." Nikaweka sikio. Ilikuwa kama kidole kinagonga ndani ya fuvu langu.

"Nipe ubao," akasema.

"Ubao gani?" baba mkubwa akauliza, na kete zilikuwa tayari zinamwagikia kwenye kanzu yake.

Kila tapeti ni kidude kinene kama kidole gumba, chini kina kigurudumu, na kila moja imezoeana na tundu lake. Ukizichanganya umeharibu zote. Mama alifungua injini, akazichomoa moja moja, na mimi nikazipanga kwenye ubao: za kulia mstari wa kulia, za kushoto mstari wa kushoto, nane na nane. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Sijaacha tabia hiyo. Tulizisafisha kwa mafuta ya taa, na ile korofi ilikuwa imeganda kwa uchafu wa miezi ya ugonjwa wa baba. Mama aliibonyeza kwa kidole mpaka ikakubali kupumua. Wanaume hawakuondoka. Rubisi haikuwa imekwisha, na walitaka kuona anavyoshindwa.

Jua lilikuwa limeshuka kwenye migomba alipowasha. Ilikohoa, ikagonga kidogo, na kule kugonga kukakatika. Ikaunguruma vile baba alivyoiacha. Mnunuzi akapandisha bei papo hapo. Mama akafuta mikono kwenye koti.

"Asubuhi lilikuwa chuma chakavu. Sasa haliuzwi. Na watoto wangu hawagawanywi."

Baba mkubwa akadai ubao wake.

"Nitakurudishia siku gari hili litakapokufa," mama akasema. "Si siku mtakayosema limekufa. Siku litakapokufa."

Alituendesha na gari lile mpaka tukamaliza shule. Mnunuzi alitangulia kaburini, kisha baba mdogo. Baba mkubwa alipofariki, jeneza lake lilipanda pikapu ileile, na njia nzima injini haikugonga hata mara moja. Mama aliona hiyo ndiyo heshima yake kwa shemeji. Yeye alikufa mzee, usingizini, kwa ratiba yake.

Leo hakuna anayechonga mirija ya matete, rubisi inanywewa kwenye vikombe vya plastiki. Uani kwetu hakuna mtu wa kucheza bao. Majina yaliyorukwa darasani, mimi huyaita peke yangu nikifunga duka, yote, kisha nayarudia.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. "Basi, Shangazi, ubao ni wetu. Gari lile si limeshakufa?"

Nikampeleka nyuma ya duka. Pikapu iko pale, bodi imetoboka kama chujio, kuku wametaga kwenye siti. Nikazungusha ufunguo, injini ikaunguruma.

"Sogea karibu," nikamwambia kwa sauti ya juu. "Sema sasa."