Koti la Guleid Sokoni Garissa

Katika soko lote la mifugo la Garissa, saa sita mchana, mwezi wa pili, Guleid ndiye pekee aliyevaa koti la sufu. Alikuwa dalali wa ngamia, na mteja akimwona dalali anatiririka jasho, hudhani ngamia ana kasoro. Wateja walianza kumpungukia. Lakini bila koti yangeonekana matiti: mawili, laini, yaliyoota tangu mvua za vuli, na yanayouma yakiguswa.

Madalali nao hawafichwi kitu. Wakimtupia ngamia jike jicho moja tu, wanakwambia atazaa lini.

"Waryaa Guleid," alimwita Mursal, dalali mwenzake, "tuanze kukukama lini?"

Baada ya mzaha zikaja tiba. Mmoja alilaumu kuku wa gredi wanaokuzwa kwa dawa na kuletwa kutoka bara. Walimu wa kutoka bara wanaofundisha mjini walilaumu maziwa ya ngamia, ambayo wao huyatia kwenye chai kila siku bila kuota chochote. Mursal hakulaumu kitu. Alisema hapo ni kuchoma tu kwa chuma cha moto, Ijumaa baada ya swala, na chuma anacho. Guleid, kachoka kuliko alivyoogopa, akakubali.

Alhamisi mkewe, Weris, akamburuta hadi kliniki. Kanana, tabibu kutoka Meru, alimpapasa kifua, kisha akamwambia afungue kikoi, akamkagua korodani. Guleid akatazama dari.

"Daktari, ugonjwa uko juu."

"Chanzo chaweza kuwa chini, mzee. Sijaona uvimbe mbaya. Unameza dawa gani?"

Sokoni hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akatoa vidonge vya kupunguza maji mwilini, alivyoandikiwa mwaka jana moyo ulipomsumbua na miguu kuvimba.

"Ni vidonge hivi. Vinavuruga homoni. Ila usiviache mwenyewe, moyo utakulaza. Nitaongea na daktari wako akubadilishie. Matiti yatapungua polepole, miezi kadhaa. Yakikataa, kuna upasuaji."

"Na chuma cha moto?"

"Hicho kachomee nyama."

Ijumaa Mursal alifika na chuma chake. Guleid akamweleza yote, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kifua chake na kila mwenye maoni juu yake. Mursal akatazama huku na huku, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Hivyo vidonge," akauliza taratibu, "vina rangi gani?"

Guleid akavua koti, akampa.