Bibi wa Pili na Viazi vya Mlimani

Mjukuu wangu nimemlea tangu ananyonya, hapa hapa ugenini, mtaa wa Ixelles, ghorofa ya nne, lifti imekufa zamani. Baba yake ni mwanangu, mama yake anatoka Colombia, na wote wawili wanarudi kutoka kazini giza limeshaingia. Kwa hiyo mtoto ni wangu. Ndivyo nilivyojua, mpaka bibi yake wa pili, mzazi wa mama yake, alipokuja kututembelea.

Mwanamke mfupi, kofia nyeusi kichwani, amevaa blanketi la sufu lenye tundu la kupitisha shingo. Ndani ya sanduku lake, kwenye soksi, alikuwa ameficha viazi vidogo vya njano kama kiini cha yai. Anatoka mji mdogo wa wakulima, juu kabisa kwenye milima ya Andes, na babu zake ni Wamuisca, watu waliolima kule kabla Wahispania hawajafika. Mtoto alishakwenda huko vakansi moja, shule zimefungwa. Alirudi hataki sombe yangu, majani ya muhogo ya kwetu, anataka supu ya kule. Kumbe alipewa tuta lake la viazi, lake peke yake. Koko, ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, asubuhi kuna ukungu. Koko, ng'ombe wanatoa moshi puani. Koko, nyuma ya kanisa mlima wote ni viazi.

Nilikuwa nakunja nguo. Nikaendelea kukunja. Ukungu huo ni wangu! Kwetu Kivu, kule juu, tulilima viazi vile vile kwenye mteremko, miguu inaganda kwa baridi. Ni mimi niliyetaka kumwonyesha. Vita imekalia shamba langu, na mwanamke mwingine amemwonyesha lake.

Bon. Siku moja ya ziara hiyo tulikuwa watatu jikoni. Yeye anamenya viazi, mimi natwanga sombe mwenyewe, maana ile ya barafu ya maduka ya Matonge siitaki. Mtoto yuko katikati anatafsiri: mimi sijui Kihispania, na yule hata bonjour inamshinda. Supu yake ikaanza kunukia, mtoto akahamia upande wake. Nikatwanga kwa nguvu zaidi.

"Muambie viazi vyake ni vidogo kama mavi ya mbuzi."

Mtoto aliongea kwa muda mrefu. Mwenzangu akatabasamu, akajibu polepole, kisu bado mkononi.

"Anasema nini?"

"Anasema sombe yako inanukia muzuri, Koko."

"Muambie vakansi hii mutoto haendi fasi yoyote. Atabaki hapa na mimi."

Maneno marefu tena. Tabasamu tena. Hapo nikasikia kicheko nyuma yangu. Mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, hajavua hata koti, anajifuta machozi. Kiswahili alichookota kwangu kinamtosha.

"Maman, huyu mutoto anawadanganya ninyi wawili. Mama yangu amesema sombe yako ni chakula ya ng'ombe. Na amesema wewe ni mwizi. Mwaka muzima unakula mutoto peke yako, yeye anamuona ndani ya telefone tu."

Mtoto akainamia sahani. Ilinipasa nikasirike kwa ajili ya sombe. Lakini lile neno mwizi nililitafuna taratibu kama nyama ya sikukuu. Kumbe huyu mwenye mlima, mwenye ukungu, mwenye matuta, ananionea wivu mimi wa ghorofa ya nne.

Nikaweka mchi chini.

"Wewe, kuja hapa. Sasa muambie kweli, usipunguze kitu. Muambie namuonea wivu. Mutoto ataenda mwezi moja. Moja tu."

Safari hii maneno yalikuwa machache. Mwenzangu aliacha kutabasamu, nikajua yamefika. Akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama machoni, akainua vidole viwili.

"Miwili," mtoto akasema.

"Nimeona, mimi si kipofu. Muambie moja, na wiki moja ya kuvuna."

Mwenzangu akavuta kiti, akakaa. Nami nikavuta changu.